Spika za barazani na amplifaya iliyodhaniwa mbovu: uchambuzi wa kisa cha Soweto, Moshi

Mwishoni mwa Oktoba niliitwa katika nyumba moja ya mtaa wa Soweto, Moshi, kuangalia amplifaya ambayo wenyewe walikuwa wameshaikatia tamaa. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, nami namwita Mwalimu kama mtaa mzima unavyomwita. Sebuleni kwake kuna amplifaya ya stereo ya wati 60 kwa kila upande, nzito, ya zamani, na spika mbili za kusimama sakafuni za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi spika inavyouzuia umeme) ambazo amezitunza kuliko samani nyingine zote za chumba kile. Miaka miwili kabla ya kuitwa kwangu, kijana wake alikuwa amefunga spika nyingine mbili barazani ili ndugu wanaopanda kuja Krismasi kutoka Dar es Salaam na kwingineko wapate muziki wakiwa wamekaa nje. Tangu hapo amplifaya ikaanza kujizima katikati ya shughuli.

Fundi wa kwanza alibadilisha transista za kutolea sauti za upande wa kushoto, ikapiga vizuri kwa miezi kadhaa, kisha ikarudia. Fundi wa pili aliisikiliza kwa dakika chache akasema imechoka, wanunue nyingine. Sasa mjukuu alikuwa anapata kipaimara mwezi Desemba, na Mama mwenye nyumba alitaka jambo hilo limalizike kabla wageni hawajaingia. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimekutana na visa vingi vinavyofanana nacho Moshi na Arusha, na mara nyingi mashine nzima inatupwa au inafunguliwa bila sababu wakati kosa liko kwenye nyaya zilizochomekwa nyuma yake.

Jambo la kwanza nililofanya halikuhitaji bisibisi. Nilimwomba Mwalimu apige muziki kama anavyopiga siku ya wageni, yaani vitufe vya A (spika za sebuleni) na B (za barazani) vikiwa vimebonyezwa vyote viwili na sauti ikiwa imefika katikati, nami nikaweka kiganja juu ya mfuniko. Baada ya dakika kumi na saba mfuniko ulikuwa haushikiki, nikasikia mlio mfupi wa rilei ya ulinzi, yaani swichi inayojikata yenyewe mashine ikizidiwa, “tik”, taa ikaanza kuwaka na kuzima, na nyumba ikawa kimya. Tuliiacha ipoe kwa robo saa ikawaka tena yenyewe. Kisha tukapiga jozi ya sebuleni peke yake kwa saa nzima: ilipata uvuguvugu tu. Tukapiga jozi ya barazani peke yake kwa saa nyingine: ilipata joto zaidi ya mwanzo, lakini haikuzima. Mashine inayopiga kila jozi kwa saa nzima bila kulalamika haiwezi kuitwa mbovu. Kilichokuwa kinaisumbua ni mzigo wa jozi mbili kwa pamoja, na rilei ile ilikuwa inaiokoa kila ilipozima.

Nyuma ya amplifaya yenyewe, karibu na tundu za spika, kuna maandishi madogo ambayo hakuna aliyekuwa ameyasoma. Yanasema kwamba ikipigwa jozi moja, spika ziwe za omu 4 hadi 16, na zikipigwa jozi mbili kwa pamoja, kila spika iwe ya omu 8 hadi 16. Nikageuka kuziangalia spika za barazani. Zilikuwa spika za gari, za mviringo, zimetiwa ndani ya maboksi ya mbao ambayo kijana aliyatengenezesha kwa seremala, na kazi ya mbao ilikuwa nzuri kweli. Spika za gari karibu zote ni za omu 4, kwa sababu gari lina betri ya volti 12 tu na njia rahisi ya kupata nguvu kutoka kwenye volti chache ni kupunguza ukinzani wa spika.

Nilipima ili nisiseme kwa kukisia. Niligusanisha kwanza ncha za mita nikapata omu 0.2 za nyaya zake zenyewe, nikaitoa hiyo katika kila kipimo. Spika za sebuleni zilisoma omu 6.3 kila moja, na za barazani 3.4 na 3.5. Msomaji asishangae kwamba spika ya omu 8 inasoma chini ya 8: mita inapima ukinzani wa koili kwa umeme mnyoofu, ilhali namba iliyoandikwa nyuma ya spika inahusu umeme unaopanda na kushuka pamoja na muziki. Kisha nikapima spika ya mbali ya barazani kutoka upande wa amplifaya, kupitia waya wake wote wa mita 18, nikapata omu 4.2. Ile nyongeza ya omu 0.8 ni ya waya wenyewe, nami nitairudia.

Hesabu yake ni ya darasani, na Mwalimu aliifanya yeye mwenyewe nyuma ya bahasha kabla sijamaliza kuieleza. Amplifaya hii, kama nyingi za aina yake, inaziunganisha A na B kwa sambamba. Omu 8 na omu 4 zikikaa sambamba zinakuwa omu 2.67, chini kabisa ya kile kilichoandikwa nyuma. Tuseme amplifaya inatoa volti 15. Spika ya sebuleni peke yake inavuta ampea 1.9. Ukiongeza ya barazani, ambayo inavuta ampea 3.75, jumla inafika 5.6, karibu mara tatu. Mkondo huo wote unapita kwenye transista zilezile mbili za kila upande, na kila ampea inayopita humo huku ikikutana na volti zilizobaki kati ya ugavi na spika inageuka joto. Mashine haikubadilika ila kazi yake ndiyo iliyozidi, kama mtu mwenye afya aliyebebeshwa magunia matatu akaitwa mgonjwa alipoyatua.

Nilibaki na swali la transista za kushoto. Kwa nini ziungue za upande mmoja tu, ikiwa mzigo ni sawa pande zote mbili? Jibu nililipata juu ya ngazi. Chini ya ukingo wa paa, karibu na spika ya kushoto, waya ulikuwa umeungwa kwa kusokotwa tu na kuzungushiwa selotepu nyeusi. Jua lilikuwa limeilainisha selotepu hadi ikateleza, na mvua za masika mbili zilikuwa zimeuvisha shaba ule utando wa kijani. Nyuzi mbili za chanya zilikuwa zimechomoza, zikiwa upana wa kucha kutoka kwenye hasi. Nilipougusa muungano kwa kidole muziki ukiwa chini kabisa, spika ilikwaruza. Upepo ulikuwa unaweza kuzigusanisha nyuzi hizo wakati wowote, na hapo upande wa kushoto ulikuwa unakutana na ukinzani wa karibu sufuri. Fundi wa kwanza alitibu jeraha vizuri, ila mwiba ulibaki palepale.

Kabla ya kuchagua dawa niliwaomba wenyewe wanieleze wanachotaka barazani, kwa maana “spika za nje” ni maneno yanayoficha mahitaji tofauti kabisa. Mama akasema, “Mimi nataka asubuhi nikikaa kuchambua mchele nisikilize kwaya, na Mwalimu huko ndani awe na taarifa yake ya habari. Tena nipunguze mwenyewe, nisimwite mtu.” Mwalimu akasema anachotaka yeye ni siku ya wageni muziki uwe mmoja ndani na nje. Maneno hayo machache ndiyo yaliyoamua kila kilichofuata, kwa sababu yana mahitaji matatu ndani yake: vyanzo viwili tofauti siku za kawaida, chanzo kimoja siku za shughuli, na kirekebisha sauti cha nje kinachojitegemea.

Kijana alipendekeza kwa heshima kwamba labda yote yaachwe, inunuliwe spika ya bluetooth iwekwe barazani. Kwa haja ya Mama peke yake ningekubali. Kwa haja ya Mwalimu haifai, na sababu yake inastahili kuelezwa. Sauti inayopita kwa bluetooth ya kawaida huchelewa kati ya sekunde 0.1 na 0.2. Sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ucheleweshaji wa sekunde 0.15 ni sawa na kuiweka spika mita 50 mbali na ile ya sebuleni. Anayekaa mlangoni, ambako ndiko watu wa nyumba ile hupenda kukaa, angesikia kila neno la wimbo mara mbili.

Kuunga kwa mfuatano badala ya sambamba kulikuwa pendekezo la pili. Omu 8 na 4 kwa mfuatano ni 12, na amplifaya ingepumua. Lakini volti zingegawanyika, theluthi mbili zikienda sebuleni na theluthi moja barazani, na mbaya zaidi, ukinzani wa spika hupanda na kushuka kadiri sauti inavyotoka kwenye besi kwenda juu, hivyo kila spika ingekuwa inaiharibia mwenzake mlingano wa sauti. Sikubali spika za Mwalimu zifanyiwe hivyo.

Kubadilisha spika za barazani kuweka za omu 8 kulisikika vizuri kwa wote, kwa kuwa kunaafiki maandishi ya nyuma ya mashine. Kungemaliza tatizo la kuzima. Kusingempa Mama kirekebisha sauti chake wala kwaya yake wakati wa taarifa ya habari, na maboksi mazuri ya seremala yangebaki bila kazi. Lipo pia sanduku la kugawia spika lenye transfoma ndani ambalo huifanya amplifaya ione mzigo salama hata jozi zikiongezeka. Ni kifaa chema, na kwa mwenye nyumba ya vyumba vitano anayetaka muziki uleule kila mahali ningelitafuta. Yapo ya bei nafuu ambayo badala ya transfoma yana rezista tu, ambazo huilinda mashine kwa kugeuza sehemu ya nguvu kuwa joto, na hayo siyapendi.

Tulichochagua ni amplifaya ya pili, ndogo, kwa ajili ya baraza peke yake. Nyuma ya ile kubwa kuna tundu za RCA, zile za duara za kuchomeka nyaya za sauti, zilizowekwa enzi za kaseti kwa ajili ya kurekodi. Sauti inayotoka hapo haifuati kitufe cha sauti cha mbele: inatoka kwa kiwango kilekile, Mwalimu apandishe au ashushe. Kwa kazi yetu hakuna kilicho bora zaidi. Amplifaya ndogo inachukua sauti hapo, inaikuza kwa kiwango chake yenyewe, na ile kubwa inabaki na spika zake mbili za omu 8 kama ilivyotengenezwa. Siku ya wageni, anachochagua Mwalimu ndicho kinachosikika nje. Siku nyingine Mama anageuza swichi ya kuchagua chanzo upande wake, anapiga kutoka kwenye simu yake.

Kwa amplifaya ndogo nilichukua bodi yenye chipu ya TPA3116, ambayo mafundi wengi wanaifahamu. Chipu hiyo inakubali ugavi hadi volti 26, na kwa volti 21 inaweza kutoa wati 50 kwa kila upande kwenye omu 4. Ona jinsi kosa la awali lilivyogeuka kuwa faida: omu 4 za spika za gari, zilizokuwa zinaiangusha mashine kubwa, ndizo hasa bodi hii inazozitaka. Tuliigavia kwa chaja ya zamani ya kompyuta mpakato ya volti 19, ambayo kijana alikuwa nayo, na wati 35 au zaidi kwa upande zinatosha baraza lile kwa ziada. Faida nyingine ambayo Mwalimu aliipenda kuliko zote ni kwamba umeme ukikatika, bodi hiyo inapiga kwa betri ya gari. Kwa volti 12 nguvu inashuka hadi wati 15 hivi, lakini wati 15 kwa watu waliokaa pamoja kwenye giza ni nyingi.

Hapa niseme kwa mkazo kuhusu nyaya, kwa sababu ndipo kazi hii ingeweza kuharibika vibaya. Waya wa zamani wa barazani ulikuwa wa nyuzi tatu: chanya ya kushoto, chanya ya kulia, na hasi moja iliyotumiwa na spika zote mbili. Kwa amplifaya ya zamani, ambayo hasi zake zote mbili zimeungwa ndani kwenye boksi lake la chuma, mpango huo unafanya kazi, ingawa si mzuri. Kwa chipu kama hii ni kifo. Tundu yake ya hasi si “ardhi”: ina amplifaya yake yenyewe nyuma yake inayosukuma kinyume cha ile ya chanya. Ukiziunganisha hasi mbili pamoja, au ukaigusisha mojawapo na chuma cha boksi, unakuwa umezielekeza amplifaya mbili zisukumane zenyewe kwa zenyewe. Kila spika lazima iwe na jozi yake ya nyaya kutoka mwanzo hadi mwisho. Nimeona bodi tatu za aina hii zimeletwa kwangu zikiwa zimekufa, na zote tatu zilitoka kwenye nyumba zenye waya wa nyuzi tatu.

Unene nao una hesabu yake. Waya wa zamani ulikuwa wa milimita za mraba 0.75. Kwa mita 18 kwenda na 18 kurudi unakuwa na ukinzani wa omu 0.8, ndiyo ile nyongeza niliyoipima. Kwa spika ya omu 4 hiyo ina maana kwamba karibu sehemu moja ya sita ya nguvu ilikuwa inaishia kwenye waya. Kanuni ninayoifuata ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya omu za spika, yaani 0.2 kwa hizi. Tuliiweka amplifaya ndogo kwenye rafu kando ya dirisha linalotazama baraza, waya wa spika ya mbali ukapungua hadi mita 13, na kwa unene wa milimita za mraba 2.5 ukinzani wake ukawa kama 0.18. Waya wa RCA kutoka mashine kubwa hadi dirishani ukawa wa mita 5, wenye ngao nzuri, na niliupitisha upande wa pili wa ukuta mbali na nyaya za soketi.

Rola la kwanza la waya tulilouziwa nililirudisha. Lilikuwa na rangi nzuri ya shaba, lakini liliponikaa mkononi niliona ni jepesi mno kwa urefu wake. Nikakwangua uzi mmoja kwa kisu cha mfukoni, na chini ya ile rangi nyekundu ukatokea weupe: alumini iliyopakwa shaba. Uzi wa namna hiyo ukiuweka kwenye moto wa kiberiti cha gesi unajikunja na kuyeyuka, wakati wa shaba tupu unakuwa mwekundu tu. Alumini ina ukinzani wa zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo hesabu yangu ya 0.18 isingesimama. Muuza duka hakubisha, alibadilisha.

Tulipowasha mara ya kwanza, barazani palitoka mvumo mzito usiokatika, “mmm”, hata muziki ukiwa umezimwa. Kijana alitaka kuvunja pini ya juu ya plagi ya chaja kwa sababu aliwahi kuona fundi akifanya hivyo na mvumo ukaisha. Nilimzuia kwa mkono. Pini ile ni ya ardhi, na ni yenyewe inayomlinda Mama akigusa amplifaya kwa mkono wenye maji siku ambayo kitu kimeharibika ndani ya chaja. Nilichofanya ni kuchomoa vitu kimoja kimoja. Nilipochomoa waya wa dishi kutoka kwenye king'amuzi kilichounganishwa na mashine kubwa, mvumo ulikatika palepale. Maelezo yake ni kwamba mfumo ulikuwa na njia mbili za kwenda ardhini, moja kupitia chaja hadi fimbo ya ardhi ya nyumba, nyingine kupitia king'amuzi hadi dishi lililofungwa kwenye nguzo ya chuma iliyochimbiwa uani. Kati ya njia hizo mbili ulikuwa unapita mkondo mdogo wa umeme wa nyumba, wa mizunguko 50 kwa sekunde, na barabara yake ilikuwa ngao ya waya wetu wa RCA. Dawa ni kuikata barabara hiyo kwenye waya wa sauti, si kwenye ardhi: niliweka kile kitransfoma kidogo cha kutenganisha ambacho mafundi wa redio za magari hufunga kuondoa mlio wa injini. Muziki unavuka kwa sumaku, mkondo wa mvumo hauna pa kupita. Dishi likarudishwa, kimya kikabaki.

Maboksi yenyewe tuliyahamisha. Yalikuwa yametundikwa pamoja mwisho wa baraza yakitazama geti, yaani yanampigia jirani kuliko mgeni. Nje hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mtu aliye mita 8 kutoka kwenye spika anapata desibeli 12 pungufu ya aliye mita 2, na kuzirudisha desibeli hizo kunahitaji nguvu mara 16: wati 2 zinakuwa 32. Kwa hiyo moja tuliiweka kila upande wa baraza, chini ya paa, zimeinamishwa kuelekea viti. Kabla ya kufunga nilizigusisha na betri ndogo ya volti 1.5 kwa mguso mfupi, chanya kwa chanya, nikitazama ngozi ya spika. Moja ilisogea mbele, nyingine ikarudi nyuma, maana ndani ya boksi lake nyaya zilikuwa zimegeuzwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya besi kupotea barazani miaka yote miwili, jambo ambalo kila mtu alilibebesha spika za gari.

Ndani ya tundu la hewa la boksi moja nilikuta udongo mkavu uliojengwa na nyigu, umeziba karibu tundu zima. Niliutoa kwa bisibisi, nikafunika matundu yote mawili kwa wavu wa dirisha, na miungano ya nje nikailehemu, nikaivisha mpira wa kubana kwa joto, kisha nikaitia ndani ya kisanduku chenye mdomo unaotazama chini ili maji yasikae.

Jaribio la mwisho lilikuwa Jumamosi jioni, muziki ukipigwa ndani na nje kwa saa mbili na nusu. Mfuniko wa mashine kubwa ulipata uvuguvugu uleule wa siku ile tulipopiga jozi ya sebuleni peke yake. Ile ndogo, ambayo hugeuza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za umeme wake kuwa sauti inayofika kwenye spika, ilikuwa karibu baridi. Mama alijaribu upande wake: alikaa kwenye kiti chake cha baraza, akapitisha mkono kati ya nondo za dirisha, akapunguza, akaongeza, akapunguza tena. “Basi, hapo hapo,” akasema.

Mwalimu alikata vipande vya karatasi ngumu akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni, SEBULENI, BARAZANI, REKODI, na kuvibandika juu ya kila tundu. Tundu za B tuliziacha tupu, na juu ya kitufe chake cha mbele akabandika selotepu ili mgeni asikibonyeze akitafuta sauti ambayo haipo. Nilipopita Januari kuangalia wavu na miungano ya nje, selotepu ilikuwa bado ipo, na amplifaya ilikuwa imepiga kipaimara na Krismasi yote bila rilei yake kulia hata mara moja.